Anayekuja Baada ya Moto: Kazi ya Mkadiriaji wa Hasara

Katika miji yetu ya pwani, kuanzia Mtwapa hadi Ngomeni, watu wa bima tunaowajua ni wawili. Wa kwanza ni wakala, ajaye na tabasamu na fomu, naye hukumbukwa kila stika ya gari inapokaribia kwisha. Wa pili ni karani wa ofisini, atwambiaye turudi Jumatatu. Yuko mwengine ambaye aghalabu hatumwoni mpaka siku ya msiba, naye ni mkadiriaji wa hasara. Huyu ndiye asimamaye juu ya majivu ya duka la mtu akasema: hapa pamepotea kiasi hiki, wala si kile. Tumeona inafaa tumtaje wiki hii, kwa kuwa familia nyingi humchukia bila ya kujua ametumwa kufanya nini.

Kazi yenyewe si ya kujiokotea. Sheria ya Bima ya Kenya, Sura ya 487, yamtaka awe na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima, ile ijulikanayo kwa jina la IRA. Mamlaka hiyo huwatenga wakadiriaji wa hasara na maasesa wa magari, na tena na wachunguzi ambao hutumwa pale panaponuka udanganyifu. Kampuni ikipokea dai kubwa humtuma mkadiriaji, akaenda, akaona, akauliza, akaandika ripoti. Halipi yeye, wala haamui yeye neno la mwisho. Lakini alichoandika ndicho kitakachosomwa na wale ambao hawakufika.

Ndugu yetu mmoja wa Malindi, aliyeifanya kazi hii miaka mingi, alikaa nasi baada ya Alasiri akatueleza siku zake zilivyo. Miezi ya kaskazi, alisema, hulala simu ikiwa karibu na kichwa. Makuti ya mahoteli na majumba ya Watamu na Malindi huwa yamekauka, upepo unavuma, na cheche moja ya jikoni au waya uliochubuka yatosha. Akifika huwa na mambo mawili ya haraka: kupiga picha, na kuwazuia watu wasifagie. Kwetu sisi jirani akiunguliwa tunakwenda na mafagio na toroli kabla ya jua kupanda, na ni wema mkubwa huo. Walakini wema huu huondoa ushahidi wa mwenye mali mwenyewe. Boriti iliyoliwa zaidi na moto ndiyo imwonyeshayo moto ulianzia wapi, na ikishatupwa ufuoni hakuna wa kumsemea mwenye nyumba.

Kisha huhesabu. Gunia la mchele, alitwambia, haliungui likaisha. Huungua ganda la nje na ndani zikabaki punje. Basi mtu akidai magunia mia mbili na chini pakapatikana mabaki ya ishirini, majivu yameshatoa ushahidi wao. Tusidhani, hata hivyo, kwamba hesabu hii huwa ya kupunguza tu. Mtu aliyefikwa hushikwa na kihoro, akasahau kutaja mizani, friji, rafu na hata mlango wa chuma. Mkadiriaji mwenye uchaji humkumbusha akaviandika.

Kinachomtaabisha zaidi ni maduka yetu kutokuwa na hesabu. Mwenye duka ana daftari moja la mkopo, nalo liko chini ya kaunta, na limeungua pamoja na kaunta. Hapo mkadiriaji hulazimika kwenda kwa wauzaji wa jumla Mombasa kuuliza bidhaa zilizonunuliwa, na kupekua taarifa za M-Pesa mwezi baada ya mwezi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani yahusu kuandika madeni. Tumeihifadhi sote chuoni, na daftari zetu ndizo hizo.

Yako mahali ambapo watu humwita mwizi mbele ya macho yake. Tuchukue mfano. Mtu ana bidhaa za shilingi 4,000,000, lakini ili ada iwe nafuu alikata bima ya 1,000,000. Moto ukala za 800,000. Yeye hujiambia: 800,000 ni chini ya milioni yangu, basi nitalipwa zote. Mkataba mwingi wa aina hii una kanuni ya uwiano: aliyekatia bima robo ya mali hulipwa robo ya hasara. Atapata 200,000, na pengine pungufu, ikiwa kuna kiwango alichokubali kukibeba mwenyewe. Kanuni hiyo imo katika waraka aliotia sahihi, kwa herufi ndogo na kwa Kiingereza, na wakala hakumsomea. Sisi twaona lawama kubwa ni ya aliyeuza waraka asiueleze, kwani mkadiriaji hakuuandika. Lakini anayekwenda kuketi na mama wa watoto watano na kumpa habari hiyo ni mkadiriaji.

Tukamwuliza nani humlipa yeye. Akajibu: kampuni. Hapo ndipo mzani wa kazi yote ulipo, kwa maana anayelipwa na upande mmoja ametakiwa awe mwadilifu kwa pande mbili.

Katika vitabu vya fiqhi kazi hii ina ndugu yake wa kale, nayo ni khars, kukadiria tende zingali mtini. Imepokewa katika Muwatta ya Imam Malik kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akimtuma Abdullah bin Rawaha Khaybar kukadiria mavuno ya Mayahudi wa huko. Wakamkusanyia mapambo ya wake zao wampe, awapunguzie. Akayakataa, na akawabainishia kwamba kuwachukia kwake hakutamfanya awadhulumu. Mkadiriaji wa leo hutiwa chai mfukoni na mwenye gereji aliyeandika spea mpya akatia kuukuu. Upande wa pili hauna haja ya kumpa kitu. Yatosha usimpe faili mwezi ujao, akafahamu kwamba ripoti zake zilikuwa na ukarimu mno. Ndugu yetu alitwambia jaribio hili la pili ndilo zito, kwa sababu halina jina wala shahidi.

Mwenye kudai naye ana haki zake. Aweza kuleta mtaalamu wake mwenyewe akakadiria, aweza kushitaki kwa Mamlaka, na asitie sahihi hati ya kukiri kulipwa yote kabla hajaridhika, kwani baada ya sahihi hiyo mlango wa kurudi ni mwembamba sana.

Ya magari tutayapitia kwa ufupi. Bima ambayo Sura ya 405 imeilazimisha ni ya kuwakinga wengine, si gari lako. Mtembea kwa miguu akigongwa katika barabara ya Mombasa na Malindi, yeye au warithi wake wana madai juu ya bima ya gari lile, hadi shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja, na kesi ifunguliwe ndani ya miaka 3. Jamaa wengi huisikia haki hiyo kwanza kwa watu wapitao matangani wakiwa na fomu za mawakili.

Baraza la Fiqhi la Kiislamu lilipokutana Jeddah mwaka 1985 lilikataza bima ya biashara kwa sababu ya gharar, likaruhusu ile ya kusaidiana. Kenya ilipata kampuni ya takaful mwaka 2011. Katika takaful mfuko ni wa wanachama, kwa hiyo aliyeongeza magunia ya uongo amechukua kwa ndugu zake waliochangia naye. Kampuni hiyo ndiyo iliyopeleka Wajir bima ya mifugo isiyohitaji mkadiriaji hata mmoja: setilaiti hupima ukijani wa malisho, na ukishuka chini ya kiwango walichoafikiana, mfugaji hulipwa, awe amepoteza ng'ombe au hakupoteza. Mwezi wa Machi 2014 wafugaji wa huko walilipwa kwa njia hiyo. Tulimwuliza ndugu yetu kama haogopi kunyang'anywa kazi na chombo kilicho angani. Akasema chombo hicho hakipokei chai, na kwa hilo anakihusudu. Lakini ng'ombe wa mtu mmoja akifa kwa maradhi ilhali malisho ni mabichi, setilaiti haitamwona, na mwenye ng'ombe hatakuwa na mtu wa kumwambia, njoo utazame.