Usiitupe kompyuta kuukuu, bado itakuandikia

KOMPYUTA kuukuu iliyo pembeni mwa nyumba si ya kutupwa. Kwa mkazi wa Sironga, Kaunti ya Nyamira, anayetaka kuandika barua ya kuomba kazi au kumbukumbu za mkutano wa chama, yatosha, mradi apate programu inayolingana na nguvu zake.

Ikiwa inatumia Windows XP, mfumo ambao Microsoft iliacha kuuhudumia Aprili 2014, anza na WordPad iliyomo tayari. Ni programu nyepesi, nayo hutosha kwa barua ya kawaida.

Anayehitaji majedwali na kurasa zenye nambari atafute LibreOffice. Programu hii ilichipuka mwaka 2010 kutokana na OpenOffice, ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuitafsiri kwa Kiswahili mnamo 2004. Matoleo mapya hayakubali XP. La mwisho lililoikubali ni 5.4 la mwaka 2017. Toleo hilo huhitaji kumbukumbu ya angalau megabaiti 256, ingawa 512 ni bora.

LibreOffice haina malipo, hivyo hakuna sababu ya kununua nakala za wizi, ambazo aghalabu huja na virusi. Ipakue katika tovuti yake rasmi ukitumia kompyuta nyingine, kisha uibebe kwa flashi. Kompyuta ya XP isiunganishwe na intaneti, kwani haina kinga tena.

Hatimaye, hifadhi barua kwa muundo wa RTF, unaofunguka katika programu nyingi. Barua isiyofunguka afisini ni sawa na isiyoandikwa.