Gorila wa Milimani na Jirani Zake

Gorila wa milimani haonekani popote duniani ila katika pande zetu hizi: kwenye milima ya Virunga, pale Kongo, Rwanda na Uganda zinapopakana, na katika msitu wa Bwindi huko Uganda, ambao ncha yake yaingia Kongo kwa Sarambwe. Mwaka 1981 wale wa Virunga walihesabiwa, wakapatikana 254 tu. Walipohesabiwa tena mwaka 2015 na 2016, walikuwa 604. Wale wa Bwindi walihesabiwa mwaka 2018, wakawa 459. Jumla yao ni 1,063.

Tena walizidi katika miaka ya vita na ya wakimbizi. Neno hilo lilipatikanaje? Walinzi wenye bunduki walifanya kazi kubwa, na zaidi ya 200 wamekufa kwa ajili ya Hifadhi ya Virunga. Lakini bunduki peke yake haiwezi kuulinda mlima. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ilibidi Serikali na wanakijiji washikane mikono.

Amri bila mapatano

Hifadhi ya Virunga ilianzishwa mwaka 1925, wakati wa Wabelgiji, nayo ni hifadhi ya taifa ya kwanza katika Afrika yote. Jirani hakuulizwa neno. Aliambiwa tu: usikate kuni, usirine asali, usichimbe dawa. Usiku mbogo na tembo walitoka msituni wakala mahindi yake, na asubuhi hakuna aliyemlipa. Mtu aonaye hasara tu, atampendaje mnyama? Akatega kamba zake kwa siri. Kamba iliyotegwa kwa ajili ya paa humnasa gorila mkono au mguu, naye hupata kilema au kufa.

Mambo yale yale yalitokea Bwindi. Msitu ule ulipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991, watu waliozoea kupata riziki humo walifungiwa njia. Walikasirika sana, na sehemu za msitu zikachomwa moto.

Mapatano yalivyofanywa

Hapo wakubwa wa hifadhi walitambua kwamba hawana budi kuketi na wenyeji. Wakapatana. Wafugaji wa nyuki waliruhusiwa kuweka mizinga katika sehemu zilizowekewa mipaka. Wenye kujua dawa na wafuma vikapu walipewa ruhusa ya kuchuma majani na mitambaa, kwa kipimo kilichokubaliwa. Nao wanakijiji waliahidi kuufuata mpaka huo.

Kisha ikaja sheria: katika kila shilingi 100 za kiingilio cha hifadhi za Uganda, 20 ziende kwa jirani. Rwanda nayo, tangu mwaka 2005, ilitoa sehemu 5 kwa 100 ya mapato ya watalii, na mwaka 2017 ikaongeza hata 10. Kwa fedha hizo hujengwa madarasa, zahanati na matangi ya maji. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Wanakijiji nao hawakukaa bure. Huko Bwindi wako watu waliofundishwa kumrudisha gorila msituni anapoingia katika migomba, bila kumdhuru. Katika Rwanda jirani wameshiriki kujenga na kutengeneza ukuta wa mawe uzuiao mbogo wasiingie mashambani.

Kwetu Kongo

Hapa kwetu adui mmoja mkubwa wa msitu ni makala. Mji wa Goma ni mkubwa, na jamaa nyingi hupikia makala. Mengi huchomwa kwa miti ya hifadhi. Mwaka 2007 gorila kadhaa waliuawa kwa risasi, na watu wanaofanya biashara hiyo walishukiwa. Lakini tusisahau jambo hili: wanakijiji ndio waliozibeba maiti za gorila wale juu ya machela za miti, wakasaidiana na walinzi kuzishusha kutoka mlimani.

Kumwambia mama asipikie makala, bila kumpa kitu kingine, ni maneno matupu. Kwa hiyo Hifadhi ya Virunga ilianza kuvuta umeme kutoka mito yake. Mtambo wa Matebe, katika Rutshuru, ulianza kazi mwaka 2015, na nguvu zake ni kilowati 13,800. Umeme huo huwasha taa za nyumba na kusaga unga. Hivyo mto utokao mlimani hulisha nyumba ya jirani.

Tena sheria ya Kongo ya mwaka 2014 yaamuru wenyeji waulizwe kabla ya kuanzisha hifadhi mpya. Hilo ni tofauti kubwa na mwaka 1925. Lakini vita vilivyorudi Rutshuru mwaka 2022 vimezuia kazi nyingi. Pasipo amani, mapatano hukosa wa kuyasimamia.

Deni lililobaki

Tusijidanganye kwamba yote yamekwisha. Wambuti na Watwa waliokaa misituni tangu zamani walifukuzwa, na wengi hawana shamba hata leo. Kuna pia malalamiko kwamba darasa hujengwa mbali, na yule aliyeliwa mahindi yake ukingoni mwa msitu hapati hata kikombe kimoja. Malalamiko hayo ni ya haki. Fungu la kijiji lisipomfikia mwenye hasara, kamba zitategwa tena.

Ninyi wazazi mlio karibu na hifadhi, wakubwa wanapoita mkutano, nendeni mkaseme mahitaji yenu wazi, mkaulize fedha zimekwenda wapi. Nanyi wanafunzi, jifunzeni sheria hizo, mpate kuwasomea wazee wasiojua kusoma. Mapatano ni mzigo wa watu wawili: mmoja akiuacha, humwelemea mwenzake, kisha huanguka.