Ghala Moja, Yeni Bilioni 3.5

Ghala la magharibi la kiwanda cha hariri cha Tomioka, Japani, lina urefu wa mita 104.4, upana wa mita 12.3 na sakafu mbili. Kulikarabati kuligharimu takriban yeni bilioni 3.5. Ukigawanya kwa eneo la sakafu zote mbili, mita za mraba 2,570 hivi, kila mita moja imekula zaidi ya yeni milioni 1.3. Na ghala la mashariki, lenye vipimo hivyohivyo, halimo katika hesabu hiyo. Wala jengo la kuvutia nyuzi, refu kuliko yote kwa mita 140.

Kwa nini ghali hivyo? Jengo ni la 1872: kiunzi cha mbao, matofali yamejazwa katikati na kushikwa kwa chokaa, maana saruji ilikuwa adimu. Nchi yenyewe hutikiswa na matetemeko kila mara. Mafundi wakasimamisha fremu za chuma ndani ya ghala, kisha fremu hizohizo zikabebeshwa kuta na dari za vioo. Ndani ya ghala hilo, lililojengwa kuhifadhi vifukofuko vya hariri, sasa kuna ukumbi na chumba cha maonyesho, vilivyofunguliwa 2020, na aliye ndani anaziona nguzo na lipu ya zamani kupitia kioo. Hapo ndipo fedha ilipotumika kwa akili: chuma kimeimarisha jengo na papo hapo kikalipatia kazi mpya.

Je, viingilio vinarudisha gharama? Juni 2014 UNESCO iliingiza kiwanda katika Urithi wa Dunia, na mwaka huo wa fedha wakafika wageni zaidi ya milioni 1.3. Mwaka uliofuata kiingilio cha mtu mzima kilipanda kutoka yeni 500 hadi 1,000. Kufikia 2019 wageni walikuwa takriban 440,000. Tuseme wote walilipa kiingilio kamili: ni yeni milioni 440. Ingechukua karibu miaka minane ya mapato yote kulipia ghala hilo moja, kabla ya umeme na mishahara. Mji wenye watu wasiofika 50,000 haubebi mzigo huo bila ruzuku ya serikali, na sioni aibu katika hilo. Kosa ni kupanga bajeti kwa umati wa mwaka wa kwanza.

Kuna gharama nyingine isiyotajwa sana. Kampuni ya Katakura, iliyokuwa mmiliki wa kiwanda, ilizima mitambo 1987, ikakataa kuuza, kupangisha wala kubomoa. Hadi ilipoukabidhi mji majengo mwaka 2005, inaripotiwa ilitumia hata yeni milioni 100 kwa mwaka kuyatunza.  Kwa miaka 18, hiyo haizidi yeni bilioni 1.8: karibu nusu ya bei ya ghala moja, na kwa fedha hiyo kiwanda kizima kilibaki kimesimama.