Paneli za Kuzuia Joto na Nyumba za Ngombezi

Katika nchi za baridi, kuta za majengo huvikwa paneli kwa nje ili joto la ndani lisipotee. Hata Lushoto, juu ya milima ya Usambara, ukuta wa namna hiyo ungemfaa mkazi usiku wa Julai. Ngombezi, iliyo chini ya milima hiyo, ina shida ya kinyume: joto huingia. Kazi ya paneli haibadiliki, kwa kuwa joto daima hutoka penye moto kwenda penye ubaridi, na kinachozuia lisitoke huzuia pia lisiingie.

Kizuizi chenyewe ni hewa iliyotulia. Nyuzi kavu za mkonge au za sufi huinasa hewa katika nafasi ndogo ndogo, na tabaka lake hupitisha joto kidogo mno. Tofali la saruji lenye unene huo huo hupitisha zaidi ya mara ishirini. Malighafi haiko mbali. Mkonge, ulioletwa nchini na Richard Hindorf mwaka 1893, huacha nyuzi fupi zisizofaa kusokotwa kamba.

Ugumu umo katika muundo. Nyuzi zikilowa, maji hushika nafasi ya hewa na paneli hupoteza kazi yake; kwa hiyo huwekwa chini ya upenu mpana na kuinuliwa kutoka ardhini, jambo linalosaidia pia kugundua mchwa mapema. Kati ya paneli na ukuta huachwa upenyo wenye wavu, ili unyevu ukauke. Nyuzi zikichanganywa moja kwa moja na saruji, ukali wa saruji huzila taratibu hadi zikatike.

Hatari kubwa zaidi ni moto. Tarehe 14 Juni 2017, jengo la Grenfell jijini London liliungua na watu 72 wakafariki. Moto ulipanda kwa kasi kupitia paneli za nje, ambazo kiini chake kilikuwa plastiki. Mkonge nao huwaka. Paneli yake haina budi kufunikwa kwa lipu ya chokaa au jipsamu pande zote, kingo zikiwamo, ambazo mafundi wengi huzisahau.

Hata paneli njema haiokoi nyumba yenye bati lisilo na dari. Jua la mchana hapa husimama karibu juu ya paa, na huko ndiko joto jingi huingilia. Fedha ya kwanza ni ya dari na matundu ya hewa. Baada yake ndipo ukuta wa magharibi, unaopigwa na jua la alasiri. Kuta za kaskazini na kusini zaweza kungoja, na penye mwembe wenye kivuli ukuta hauhitaji paneli kabisa.

Anayekusudia kuvika ukuta aulize kwanza ofisi ya mtendaji wa kata kama atahitaji kibali cha ujenzi. Muuzaji naye aombwe kipande cha paneli, kikatwe kionekane kiini chake, kisha kijaribiwe kwa moto mahali pa wazi, mbali na nyumba, kabla ya malipo.