Neema ya Kutoa: Fundisho la Kagunga

Katika 2 Wakorintho 8, Mtume Paulo auita mchango kwa ajili ya Yerusalemu "neema", naye awataja Wamakedonia waliotoa katika umaskini wao. Tuna mfano wa karibu. Mei 2015 maelfu ya wakimbizi wa Burundi walifika Kagunga, kijiji cha wavuvi mkoani Kigoma, wakangoja ufukoni hadi meli ya Liemba ilipowachukua. Kipindupindu kilizuka, kikaua wageni na wenyeji pia. Basi kushiriki kwaweza kumgharimu mwenyeji zaidi ya mali. Yatupasa sisi wachungaji kujiuliza: je, sadaka ya usharika impelekeayo mkimbizi chakula, yamkumbuka pia mwenyeji maskini aliyempokea?