Kipimo cha Mate cha VVU: Namna ya Kupata Majibu ya Kuaminika

Kujipima Virusi vya UKIMWI (VVU) kwa kutumia majimaji ya kinywani kumewaondolea watu wengi hofu ya sindano na aibu ya kupanga foleni. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza huduma hiyo mwaka 2016. Kenya iliizindua mwaka 2017, na mwaka 2019 Bunge la Tanzania lilirekebisha sheria ili kumruhusu mtu kujipima mwenyewe. Hata hivyo, kipimo hiki kina mipaka yake. Mtumiaji asiyeifahamu anaweza kusoma jibu la "hana maambukizi" ilhali anayo, akachelewa kuanza dawa na kuwaambukiza wengine bila kujua.

Kipimo hiki hupima nini?

Kipimo hakitafuti kirusi chenyewe. Hutafuta kingamwili, yaani askari wa mwili wanaotengenezwa baada ya VVU kuingia. Ingawa kimezoeleka kuitwa "kipimo cha mate", majimaji yanayohitajika hasa ni yale yanayochuja kutoka kwenye mishipa midogo ya damu na kutokeza kwenye ufizi. Mate ya kawaida yana kingamwili chache mno. Majimaji ya ufizi yana nyingi zaidi, lakini bado ni pungufu yakilinganishwa na damu. Ndiyo maana maelekezo humtaka mtumiaji apanguse ufizi, wala si ulimi, shavu au kaakaa.

Maana ya tarakimu

Ubora wa kipimo hutazamwa kwa mambo mawili: uwezo wa kumgundua mwenye maambukizi, na uwezo wa kumtambua asiye nayo. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) iliporuhusu kipimo cha OraQuick kitumiwe nyumbani, Julai 2012, utafiti wa watu waliojipima wenyewe ulionyesha kuwa kiliwagundua takribani asilimia 92 ya wenye maambukizi. Kwa lugha nyepesi, kati ya watu 12 wenye VVU, mmoja alitarajiwa kupewa jibu lisilo sahihi kuwa hana. Kwa upande wa pili, ni mtu mmoja tu kati ya 5,000 wasio na VVU aliyetarajiwa kuambiwa kimakosa kuwa anavyo. Udhaifu mkubwa wa kipimo, basi, uko katika kukosa kuyaona maambukizi yaliyopo.

Watengenezaji hufanya nini kuongeza uwezo huo?

Njia ya kwanza ni kukusanya sampuli bora: pedi hutengenezwa ili ifyonze majimaji ya ufizi kwa kiasi cha kutosha, na kimiminika kilicho kwenye kichupa huyatoa na kuyasaidia kupanda kwenye utepe. Njia ya pili ni chambo. Kwenye utepe hubandikwa vipande vya protini vinavyofanana na vya kirusi, vilivyochaguliwa ili kunasa kingamwili za VVU za aina ya kwanza na ya pili. Njia ya tatu ni kuikuza alama. Chembe ndogo sana za dhahabu hung'ang'ania kingamwili zilizonaswa na kufanya mstari wa rangi uonekane kwa macho. Wataalamu wanaendelea kutafiti rangi zinazong'aa zaidi na vifaa vya kusoma mistari hafifu.

Kila hatua ina gharama yake. Kipimo kilichofanywa chepesi mno kutoa alama huweza kuanza kuwatangaza wasio wagonjwa kuwa wagonjwa. Kwa sababu hiyo, hakuna kipimo cha haraka kinachotosha peke yake kuthibitisha kuwa mtu ana VVU.

Sehemu yako wewe mtumiaji

Sehemu kubwa ya usahihi imo mikononi mwako. Zingatia yafuatayo:

1. Usile wala kunywa kitu kwa dakika 15 kabla ya kupima. Usipige mswaki wala kusukutua kwa dawa ya kinywa kwa dakika 30. Kama una meno ya bandia yanayofunika ufizi, yavue.
2. Soma tarehe ya mwisho wa matumizi, na hakikisha mfuko haujachanika. Kipimo kihifadhiwe kwenye nyuzi joto 2 hadi 30. Kilichoachwa ndani ya gari juani hakifai kuaminiwa.
3. Usiguse pedi kwa vidole. Pangusa ufizi wa juu mara moja, kisha wa chini mara moja. Kurudiarudia hakuongezi usahihi.
4. Ingiza kifaa kwenye kichupa bila kumwaga kimiminika, na ukiache humo.
5. Soma majibu baada ya dakika 20, na si baada ya dakika 40, mahali penye mwanga wa kutosha.

Kusoma majibu

Mstari mmoja kwenye herufi C humaanisha kuwa kingamwili hazikuonekana. Mistari miwili, kwenye C na T, hata kama ule wa T ni hafifu, humaanisha kuwa huenda una VVU. Nenda kituo cha afya ukathibitishwe kwa vipimo vya damu. Usipoona mstari wa C, kipimo kimeharibika na majibu yake hayahesabiki.

Usilitegemee jibu la "hakuna" katika hali hizi mbili. Kwanza, kama ulijiweka katika hatari ndani ya miezi mitatu iliyopita, kwa kuwa mwili huenda haujatengeneza kingamwili za kutosha. Rudia kupima baada ya muda huo. Kama hatari ilitokea ndani ya saa 72, usisubiri kipimo: nenda kituoni mara moja uulizie dawa za kuzuia maambukizi. Pili, kama tayari unatumia dawa za kufubaza VVU. Dawa hizo huweza kupunguza kingamwili hadi kipimo kisizione. Jibu hilo si ushahidi wa kupona, na kuacha dawa kwa sababu yake ni kuhatarisha maisha.

Unaponunua

Nunua kwenye duka la dawa lililosajiliwa au uchukue kituoni. Dai sanduku lililofungwa, lenye maelekezo unayoyaelewa, na usikubali kuuziwa kifaa kisicho na kichupa chake. Usimpime mtu kwa siri wala kwa kumlazimisha. Na jibu likikutia shaka, la namna yoyote ile, mtoa huduma za afya ndiye wa kulimaliza.