Ndoana Zing'aazo Gizani

Ndagala wakavu wauzwao katika masoko ya Kabambare na Kasongo wamesafiri mbali. Wametoka Ziwa Tanganyika, wakapanda milima ya Fizi, wakaifuata ile njia ya kale ambayo katika karne ya 19 misafara ya pembe na ya watumwa iliipita kati ya Ujiji na Nyangwe. Mama awapikapo, huenda hafikiri ya kuwa samaki hao walinaswa kwa nuru.

Wavuvi wa ziwa lile hutoka usiku usio na mwezi. Zamani waliwasha moto wa kuni mtumbwini; baadaye wakapata karabai; siku hizi wengi wana taa za betri. Nuru huwavuta ndagala, na nyuma ya ndagala huja adui yao mukeke, ambaye watu wa Kigoma humwita mgebuka. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi hulala pwani, kwa kuwa taa haishindani na mwezi. Petro na wenzake, waliokesha usiku kucha wasipate kitu, wangeielewa shida hiyo mara moja.

Mukeke huvuliwa pia kwa mshipi. Ndoana kadhaa hufungwa manyoya au kitu king'aacho, zikapandishwa na kushushwa ili samaki adhani ni ndagala. Basi wavuvi wa Marekani na Kanada wameongeza jambo moja. Shingoni mwa ndoana yao kuna kichwa kizito cha risasi, nacho hukipaka rangi imeremetayo gizani. Mwanafunzi akisikia habari hii huuliza: Je, ni uganga? Mzazi wake huuliza: Je, si sumu? Swali la mzazi ndilo lenye maana zaidi.

Rangi hiyo si ya majimaji, bali ni unga mkavu. Mvuvi hukipasha moto kichwa cha risasi kufikia kama digrii 175, chini sana ya digrii 327 ambazo risasi huyeyuka. Kisha hukichovya katika kikombe cha unga kwa nukta moja au mbili. Unga huyeyuka papo hapo na kushika. Kwanza hutia unga mweupe, maana ule umeremetao hupitisha nuru, na juu ya risasi nyeusi hung'aa kwa unyonge. Huzibua tundu la mshipi kabla rangi haijakauka, akazitundika ndoana tanurini kwa dakika 20 hivi, rangi ipate kuwa ngumu. Mvivu akiiacha kazi hii ya mwisho, rangi yake hubanduka mara igusapo jiwe.

Nuru hiyo yatoka wapi? Mafiga hukaa na joto baada ya moto kuondolewa. Unga huu nao hukaa na nuru vivyo hivyo. Ukimulikwa kwa jua au kwa tochi, huinywa nuru, kisha huitoa polepole. Ule wa zamani, wa zinki na kibiriti, ulichoka upesi. Ule wa madini ya stronti, uliotengenezwa Japani katika miaka ya 1990, huendelea kwa saa nyingi, na wa kijani ndio ung'aao kuliko wote.

Lakini palikuwa na rangi nyingine, isiyohitaji kumulikwa, nayo ndiyo iliyoleta hofu. Ilikuwa na radiamu ndani yake. Katika mji wa Orange, New Jersey, tangu 1917 wasichana waliajiriwa kuipaka katika tarakimu za saa, wakafundishwa kuichonga ncha ya brashi kwa midomo yao. Wengine wakaoza mataya, wakafa. Watano waliishitaki kampuni, na shauri likaisha kwa mapatano 1928. Nasi Wakongo tusidhani mambo hayo ni ya mbali: tangu 1922, Wabelgiji walipoanza kuyasafisha madini ya Shinkolobwe huko Katanga, sehemu kubwa ya radiamu ya dunia ilitoka katika ardhi yetu. Unga wa stronti hauna radiamu.

Hata hivyo sumu ipo, nayo imo chini ya rangi: ni risasi yenyewe. Mwenye haja ya chubwi huvunja betri kuukuu ya gari, akaiyeyusha risasi jikoni, watoto wakitazama. Moshi na vumbi lake huingia mwilini na kuharibu damu na akili za watoto. Madaktari hawajui kiasi chochote cha risasi kisicho na hatari. Huko Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar nchini Senegal, mahali watu walipochambua betri na mchanga wenye risasi, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008. Basi, baba, usiyeyushe risasi nyumbani, wala sufuria iliyotumika kwa kazi hiyo isirudi kupikiwa chakula. Nati ya chuma yatosha kuwa chubwi, nayo hupokea unga uleule.

Je, faida ipo? Kwa mukeke, awindaye kwa macho katika maji maangavu ya Tanganyika, ndoana imeremetayo yafaa kujaribiwa. Kwa kambare wa Lualaba, upande wetu wa Kasongo, ni kutupa faranga. Yeye huzoea matope, na chakula chake hukitafuta kwa sharubu na kwa harufu. Hata nyota ikimwangukia majini hataigeukia. Huyo mpe mnyoo mnene.